Si Wazee wa Baraza Waliozibatilisha Kesi

Hoja hii mmeisikia, na si mara moja. Wazee wa baraza walikuwa mzigo kwa Mahakama Kuu ya Tanzania. Waliharibu kesi za mauaji. Na mwaka 2022, sheria ilipobadilishwa ili jaji asilazimike tena kuketi nao, tatizo likaisha. Wanaoisema ni watu wanaoheshimika, na wengine wao wameitumikia sheria maisha yao yote. Nimewasikiliza kwa makini na sijashawishika. Katika makala haya nitayachukua madai yao moja baada ya jingine, nitalieleza kila dai kama wenyewe wanavyolieleza, kisha nitalijibu. Ninyi wasomaji ndio waamuzi. Ninachodai ni kitu kimoja: kilichokuwa kikiua kesi ni majaji kutopewa mafunzo ya kutosha ya kuendesha kesi ya jinai mbele ya raia wasio wanasheria. Wazee wametolewa nje; upungufu ule umebaki ndani.

Kwanza tukumbushane sheria ilivyokuwa. Kifungu cha 265 cha Sheria ya Mwenendo wa Makosa ya Jinai kilitaka kila kesi ya jinai ya Mahakama Kuu isikilizwe kwa msaada wa wazee wa baraza, na wazee hao hawakupaswa kupungua wawili. Pande zote zikishafunga ushahidi, kifungu cha 298 kilimpa jaji nafasi ya kuwafanyia majumuisho, yaani kuwapitisha katika ushahidi na sheria inayouhusu. Kisha kila mzee alitoa maoni yake kwa mdomo, na jaji akayaandika. Maoni hayo hayakumfunga jaji. Mfumo huu haukuwa juri kama ya Uingereza, ambako raia 12 ndio wanaoamua kama mshtakiwa ana hatia. Hata hivyo kazi ya jaji katika mifumo yote miwili ina kiini kimoja: kuichukua sheria iliyo kichwani mwake na kuifikisha kwa mtu ambaye hajawahi kuisoma, bila kuipotosha na bila kumwonyesha upande wa kuegemea.

Dai la kwanza: wazee wa baraza ndio waliosababisha kesi kubatilishwa. Wanaolitoa wana ushahidi, na haki yao niwape. Katika miaka ya 2010 Mahakama ya Rufani ilibatilisha mashauri mengi ya mauaji, na sababu iliyoandikwa iliwahusu wazee wa baraza. Mtu aliyekuwa amehukumiwa kunyongwa akarudishwa mahabusu kusubiri kesi yake ianze upya. Lakini jambo kuwahusu wazee halina maana kwamba wao ndio waliolitenda. Fungueni hukumu zile mtazame nani alifanya nini. Jaji hakuwaeleza wazee kazi yao kabla ya ushahidi kuanza. Jaji hakuwaelekeza juu ya jambo la msingi la kisheria: utambuzi wa mtu usiku, kukasirishwa ghafla, utetezi wa mshtakiwa kwamba alikuwa mahali pengine, ushahidi wa mazingira. Jaji, katika majumuisho, alidokeza msimamo wake mwenyewe kabla wazee hawajasema wao wanaonaje. Jaji aliwaacha wazee wamdodose shahidi. Katika orodha yote hiyo mtenda ni mmoja, na si mzee.

Hili la kudodosa linafaa kutazamwa kwa karibu, maana ndilo linalotajwa zaidi kama ushahidi kwamba wazee walivuka mipaka. Kifungu cha 177 cha Sheria ya Ushahidi kilimruhusu mzee wa baraza kumuuliza shahidi swali, kwa kupitia mahakama au kwa ruhusa yake. Swali la mzee ni la kutaka kuelewa: “Umesema taa ilikuwa inawaka. Ilikuwa chemli au ya umeme?” Kudodosa ni kazi nyingine. Ni silaha ya upande wa pili, ya kumyumbisha shahidi na kuuvunja ushahidi wake, na anayeishika ameshachagua upande. Mwenendo wa kesi ukionyesha kwamba wakili alipomaliza, wazee nao “walimdodosa” shahidi, Mahakama ya Rufani iliona kwamba mshauri wa mahakama amegeuka mpinzani wa shahidi, na kesi ikaanguka. Sasa jiulizeni. Nani alitoa ruhusa ya swali? Nani alikuwa na wajibu wa kuhakikisha kwamba neno lile halikuandikwa mahali pasipolistahili? Mzee aliyetoka nyumbani kwake asubuhi ile hakuwa na pa kujifunzia tofauti ya kuuliza na kudodosa. Aliyepaswa kuijua tofauti hiyo, kumweleza mzee, na kumzuia ilipobidi, alikuwa ameketi pembeni yake. Mbaazi ukikosa maua husingizia jua.

Dai la pili: jaji ni mwanasheria mzoefu, kwa hiyo hahitaji kufundishwa namna ya kuzungumza na wazee wawili. Majaji wapya hupitishwa katika taratibu za kazi, miongozo ipo, na miaka ya uwakili au uhakimu imewapa yaliyobaki. Dai hili lingekuwa na nguvu kama makosa yangekuwa mapya. Mwaka 1954, katika shauri la Washington Odindo, Mahakama ya Rufani ya Afrika Mashariki ilikwisha kusema kwamba maoni ya wazee yanaweza kumsaidia sana jaji, lakini pale tu wanapouelewa ushahidi pamoja na sheria inayouhusu. Wasipoelezwa, thamani ya maoni yao hupungua kwa kiasi hicho hicho. Mwaka 1982, katika shauri la Tulubuzya Bituro, Mahakama ya Rufani ya Tanzania iliongeza uzito: wazee wakielekezwa vibaya, au wasipoelekezwa kabisa, juu ya jambo la msingi, kesi hiyo haihesabiki kuwa imesikilizwa kwa msaada wa wazee. Kosa lililotajwa mwaka 1954 na kukaririwa mwaka 1982 liliendelea kubatilisha mashauri zaidi ya miaka 30 baadaye. Kutoka 1954 hadi 2022 ni miaka 68. Kama uzoefu peke yake ungetosha kulitibu, lingekuwa limekwisha kupona.

Halikupona, na sababu yake inaeleweka. Uzoefu humfundisha mtu pale anapoonyeshwa kosa lake mapema. Fundi seremala akikosea kipimo, mlango unakataa kufunga siku ile ile. Kosa la majumuisho halijionyeshi. Jaji anaeleza, wazee wanaitikia kwa kichwa, maoni yanaandikwa, hukumu inasomwa, kikao cha Mahakama Kuu kinahamia mji mwingine. Jibu linakuja miaka kadhaa baadaye kutoka Mahakama ya Rufani, na katika miaka hiyo jaji yule yule amekwisha kufanya majumuisho mengine mengi kwa namna ile ile. Kuyarudia makosa bila kujua ni makosa hakumpi mtu ujuzi.

Wala kusoma kifungu cha sheria hakutoshi. Kifungu cha 298 kilitumia neno lenye maana ya “anaweza” kilipozungumzia majumuisho. Jaji aliyekisoma peke yake angeona kwamba ana hiari. Mahakama ya Rufani ilieleza kwamba kwa desturi ya miaka mingi, na ili kifungu cha 265 kiwe na maana, jaji anayeketi na wazee ni lazima awafanyie majumuisho. Kwa hiyo sheria iliyoandikwa ilisema jambo moja, na sheria inayotendeka ikasema jingine. Maarifa ya namna hii hupitishwa kutoka kwa anayeyajua kwenda kwa asiyeyajua, na kazi hiyo ina jina lake: mafunzo.

Dai la tatu: kumfundisha jaji namna ya kuendesha kesi ni kuingilia uhuru wa Mahakama. Sitalipuuza, maana uhuru wa Mahakama ukipotea hakuna mafunzo yatakayouleta tena. Lakini hofu hii ina historia, na historia hiyo imekwisha kutoa jibu. Majaji wa Uingereza, nchi ambayo juri ndiyo moyo wa kesi zake nzito za jinai, walikuwa na hofu hii hii. Kamati iliyoongozwa na Lord Bridge ilipotoa ripoti yake mwaka 1978, hata neno “mafunzo” lilionekana kuwa la hatari, na bodi iliyoanzishwa mwaka 1979 ikapewa jina la bodi ya “masomo” ya majaji. Suluhisho halikuishia kwenye jina. Mafunzo yalikabidhiwa kwa majaji wenyewe: jaji anamfundisha jaji, na Serikali haiingii darasani. Leo Uingereza ina chuo cha majaji, kitabu cha mwongozo wa maelekezo kwa juri kinachosahihishwa kila sheria inapobadilika, na utaratibu kwamba jaji hapangiwi kesi nzito za makosa ya ngono mpaka apite kozi yake maalumu. Nani atasema kwamba majaji wale wamepoteza uhuru wao? Na anayelitoa dai hili hapa kwetu anapaswa kueleza jambo jingine. Chuo cha Uongozi wa Mahakama Lushoto kilianzishwa kwa sheria ya mwaka 1998 na kipo mpaka leo. Kama mafunzo yanaondoa uhuru, chuo hicho ni cha nini?

Dai la nne: wazee hawana elimu ya sheria, hawaelewi wanachoelezwa, kwa hiyo kuwafundisha majaji namna ya kuwaeleza ni kumwaga maji mchangani. Hili ndilo dai lenye nguvu kuliko yote, na lina ushahidi hata nje ya Tanzania. Mwaka 2010 mtafiti Cheryl Thomas alichapisha matokeo ya utafiti wake juu ya juri za Uingereza. Wajumbe waliosikia maelekezo ya jaji kwa lugha ya kisheria aliyoitumia walioyaelewa kikamilifu walikuwa asilimia 31 tu. Mwaka 2013, katika kesi ya mchumi Vicky Pryce jijini London, juri ilimpelekea jaji maswali 10, likiwemo la kama mjumbe anaweza kuamua kwa sababu ambayo haikutolewa mahakamani na haina ushahidi. Jaji aliivunja juri ile, na kesi ikaanza upya. Wapinzani wangu wanaishia hapo: tazameni, hata Ulaya raia wa kawaida haelewi.

Mimi naomba tusome na ukurasa unaofuata. Katika utafiti ule ule, wajumbe waliopewa maelekezo yale yale pamoja na muhtasari wa maandishi, walioyaelewa walipanda hadi asilimia 48. Watu walikuwa wa aina ile ile, sheria ile ile, kesi ile ile. Kilichobadilika ni namna ya kuwaeleza. Bado asilimia 48 haitoshi, na ndiyo maana nazungumzia mafunzo, sizungumzii karatasi peke yake. Na katika kesi ya Pryce, juri ya pili ya raia wa kawaida ilisikiliza mashtaka yale yale ikafikia uamuzi. Kama tatizo lingekuwa ni raia kutokuwa na uwezo, takwimu ya kwanza isingepanda na juri ya pili ingekwama palipokwama ya kwanza.

Tulishushe jambo hili hadi kwetu, kwenye kesi ya mauaji ya usiku, ambayo shahidi wake ni mmoja. Sheria ya utambuzi kwa macho iliwekwa wazi katika shauri la Waziri Amani mwaka 1980, na kila mwanasheria wa Tanzania anaijua. Jaji anaweza kuwaeleza wazee hivi: “Mnaelekezwa kwamba ushahidi wa utambuzi wa kuona ni dhaifu kwa asili yake, na haupaswi kutegemewa isipokuwa pale ambapo uwezekano wote wa utambuzi wenye makosa umeondolewa.” Kila neno hapo ni sahihi kisheria. Mzee ataitikia kwa kichwa, na hatakuwa amepata kitu cha kushika.

Sasa sikilizeni maelekezo yale yale yakitolewa na mtu aliyefundishwa: “Shahidi anasema alimwona mshtakiwa usiku. Msiishie kujiuliza kama shahidi ni mkweli, maana mtu mkweli naye hukosea. Jiulizeni: mwanga ulitoka wapi, na ulikuwa mkali kiasi gani? Walikuwa wameachana hatua ngapi? Alimtazama kwa muda gani? Alikuwa akimfahamu kabla ya siku ile? Jina lake alimtajia nani kwanza, na baada ya muda gani? Mkiona katika majibu hayo nafasi ya kukosea, msiutegemee ushahidi huo.” Mzee aliyetembea usiku maisha yake yote anajua mwanga wa chemli unafika wapi. Analijua hilo kuliko jaji. Alichokikosa ni mtu wa kumwambia kwamba ujuzi wake huo ndio unaotakiwa.

Kuandika maelekezo ya namna ya pili si kipaji cha kuzaliwa nacho. Jimbo la California lilipoanza mwaka 2006 kutumia maelekezo mapya ya juri kwa kesi za jinai, yaliyoandikwa kwa lugha ya kawaida, kazi hiyo ilikuwa imezichukua kamati zake miaka kadhaa. Kwetu kazi ni kubwa zaidi. Mpaka sheria ilipobadilishwa mwaka 2021 kukifanya Kiswahili kuwa lugha ya mahakama, jaji wa Mahakama Kuu aliyesoma sheria kwa Kiingereza alisikiliza ushahidi kwa Kiswahili, akauandika kwa Kiingereza, kisha akatakiwa kuwaeleza wazee kwa Kiswahili kanuni ambazo hakuwahi kuzisoma kwa lugha hiyo. Tukamwachia aitafute mwenyewe njia ya kueleza dhamira ya kuua au kukasirishwa ghafla, huku mshtakiwa akiwa kizimbani akisubiri kujua kama ataishi. Kisha tukasema mzee haelewi.

Dai la tano: maoni ya wazee hayakumfunga jaji, kwa hiyo yalikuwa ya kupoteza muda, na kumfundisha jaji kuyatafuta ni kupoteza muda zaidi. Liwekeni dai hili kando ya lile la kwanza. La kwanza linasema wazee walikuwa na uzito kiasi cha kuangusha kesi nzima. La tano linasema hawakuwa na uzito wowote. Watu wale wale hushika madai yote mawili, na hayawezi kukaa pamoja. Mahakama ya Rufani haikuwa ikibatilisha kesi kwa ajili ya mapambo. Ilibatilisha kwa sababu kushiriki kwa wazee kulihesabiwa kuwa sehemu ya kesi yenyewe.

Ushauri usiofunga una kazi yake. Korea Kusini ilianza mwaka 2008 kuwashirikisha raia katika kesi za jinai, na uamuzi wa juri yao ni ushauri tu. Lakini jaji akiamua tofauti na juri, anapaswa kumweleza mshtakiwa na kuandika sababu katika hukumu yake. Ushauri haukumfunga mikono. Umemfunga kutoa sababu. Na kwetu kuna jambo ambalo wapinzani wangu hawaligusi. Kwa miaka mingi, katika Mahakama ya Mwanzo, uamuzi ulipatikana kwa wingi wa kura za hakimu na wazee wa baraza kwa pamoja. Mzee aliaminiwa kupiga kura mahali ambapo hakimu ndiye aliyekuwa na elimu ndogo ya sheria, kisha akaonekana hafai hata kutoa maoni mahali ambapo yupo jaji mbobezi wa kumwongoza. Kama tatizo ni uwezo wa mzee, mpangilio huo hauelezeki.

Dai la sita: gharama na ucheleweshaji. Wazee walihitaji posho na nauli, mmoja akiugua kesi inayumba, na mafunzo ya majaji nayo yanataka fedha. Ni kweli, na nchi maskini lazima ihesabu. Basi tuhesabu pande zote mbili. Kosa la mauaji halina dhamana. Kesi ikibatilishwa na kuamriwa isikilizwe upya, mshtakiwa anarudi mahabusu na saa inaanza tena. Mashahidi wanatafutwa upya: mmoja amehama, mwingine amefariki, wa tatu amesahau mambo aliyoyaeleza waziwazi mara ya kwanza. Mpelelezi amehamishiwa mkoa mwingine. Mama aliyekwisha kusimama kizimbani kueleza jinsi alivyoukuta mwili wa mwanawe anaitwa asimame tena, aeleze tena, na aambiwe tena na wakili kwamba hakuona sawasawa. Hesabu hiyo haimo katika hoja ya posho. Japani ilipopitisha sheria ya mwaka 2004 ya kuwaketisha raia pamoja na majaji katika kesi nzito, ilijipa miaka mitano ya maandalizi kabla ya kuanza mwezi Mei 2009, na katika miaka hiyo mahakama zake ziliendesha kesi za mazoezi nchi nzima. Walilipa gharama ya kujifunza kabla mshtakiwa wa kwanza hajasimama mbele yao. Sisi tuliilipa baadaye, kwa kesi za watu halisi.

Dai la saba: wazee wa baraza ni urithi wa mkoloni, na Kenya ilipowaondoa mwaka 2007 haki iliendelea kutendeka. Sehemu ya kwanza ni ya kweli na inauma. Katika Kenya ya kikoloni, Mzungu aliyeshtakiwa kwa kosa zito alikuwa na juri ya Wazungu wenzake. Mwafrika alikuwa na jaji Mzungu na wazee wasio na kura. Ule ulikuwa ubaguzi. Lakini uovu wake ulikuwa wapi? Ulikuwa katika kumnyima Mwafrika sauti yenye nguvu, na dawa ya sauti iliyonyimwa nguvu haiwezi kuwa kuinyamazisha kabisa. Zaidi ya hayo, Sheria yetu ya Ushahidi ya mwaka 1967 ilijengwa juu ya sheria ya India ya mwaka 1872, iliyotungwa na Waingereza, na hakuna anayedai ifutwe kwa sababu hiyo. Kati ya yote yaliyoachwa na mkoloni, tumechagua kuondoa kile kimoja kilichomweka mwananchi wa kawaida karibu na kiti cha jaji. Na mfano wa Kenya unathibitisha kidogo sana. Wazee wakiondolewa, bila shaka hakuna kesi itakayobatilishwa kwa kutowaelekeza vizuri. Hiyo haina maana kwamba majaji sasa wanaeleza vizuri zaidi. Ukivunja kipimajoto, homa haishuki.

Dai la nane, la mwisho: haya yote yamepitwa na wakati, sheria imeshabadilika. Isomeni vizuri. Mabadiliko ya mwaka 2022 hayakuwafuta wazee, yaliondoa ulazima. Jaji bado anaweza kuketi nao akiona haki inataka hivyo. Sasa fikirini ni kesi za namna gani jaji ataamua kuwaita. Hatawaita katika kesi nyepesi. Atawaita pale penye mila asiyoijua, penye mgogoro uliogusa jamii nzima, pale anapohitaji macho ya wenyeji. Ufundi ambao majaji wengi hawakuumudu walipoutumia kila kikao, sasa watatakiwa kuutumia kwa nadra, katika kesi ngumu kuliko zote. Daktari asiyefanya upasuaji fulani kila siku ndiye anayehitaji mazoezi zaidi kabla ya kushika kisu. Kisha tazameni mabaraza ya ardhi na nyumba ya wilaya. Sheria ya mwaka 2002 iliyoyaanzisha ilimtaka mwenyekiti aketi na wazee wa baraza wasiopungua wawili, na huko nako Mahakama ya Rufani imebatilisha mashauri kwa sababu maoni ya wazee hayakuandikwa au hayakusomwa mbele ya wadaawa. Mahakama nyingine, kesi za aina nyingine, kosa lile lile. Kosa linalohama kutoka mahakama hadi mahakama chanzo chake ni kazi isiyofundishwa.

Ninachotaka kinaweza kufanyika. Yaandikwe maelekezo ya mfano kwa Kiswahili fasaha juu ya mambo yanayorudi kila kikao: utambuzi, ungamo, ushahidi wa mazingira, kukasirishwa ghafla, dhamira ya kuua, mzigo wa kuthibitisha. Majaji wapya wayatoe kwa sauti pale Lushoto, mbele ya wananchi wa kawaida walioalikwa kutoka sokoni na mashambani, kisha kila mwananchi aulizwe kwa maneno yake mwenyewe ameelewa nini. Jaji asikilize majibu hayo akiwa kimya. Asubuhi moja ya namna hiyo itamwonyesha kosa ambalo Mahakama ya Rufani ingemwonyesha baada ya miaka mingi.

Na hata kama mzee wa baraza hataitwa tena kamwe, mafunzo hayo hayatapotea. Majumuisho hayakuwa ya wazee peke yao. Palikuwa na mtu wa tatu akisikiliza kutoka kizimbani, na kwa wengi ile ilikuwa nafasi ya pekee ya kusikia, kwa lugha yao na kabla ya hukumu, ni maswali gani yataamua kama watanyongwa au watarudi nyumbani. Mwaka 2010, katika shauri la Taxquet dhidi ya Ubelgiji, Mahakama ya Ulaya ya Haki za Binadamu ilisema kwamba mshtakiwa lazima aweze kuelewa kwa nini ametiwa hatiani. Jaji anayeandika hukumu peke yake ofisini hana mzee wa kumtazama usoni akajua kama ameeleweka. Taa ya usiku ule bado inasubiri kuulizwa kama ilikuwa chemli au ya umeme. Sasa jaji inabidi ajiulize mwenyewe, kisha amjibu aliye kizimbani kwa maneno anayoyaelewa. Kazi hiyo ndiyo ile ile tuliyoshindwa kumfundisha alipokuwa na wazee wawili pembeni yake.